ANAYEZOMEA NA ANAYEZOMEWA
Mazungumzo ya redio juu ya amani kati ya wenyeji na wadeplase, yaliyoandikwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji

Jambo kwenu ninyi mliokimbia nyumba zenu na kulala leo chini ya shitingi. Jambo kwenu pia ninyi mliowapokea wageni katika lupango zenu, mkagawana nao chumba, moto na maji. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio yenu haina tena mawe, karibu. Soma kwa sauti, ili jirani asikie.

Leo nataka kuwasimulia habari ya mchezo wa mbali, mchezo ambao wengi wetu hatujauona hata siku moja. Mtaniuliza: tuko na njaa, tuko na woga, na wewe unatuletea mchezo wa Wamarekani? Ndiyo, nauleta kwa kusudi. Nikitoa mfano wa hapa kwetu, mmoja atasema nimemtaja shefu wake, mwingine atasema nimetaja kabila lake, na masikio yatafungwa kabla sijamaliza. Lakini habari ya mbali haina shemeji kati yetu. Tuisikilize kwa utulivu, kisha kila mtu ajitafute mwenyewe ndani yake.

MCHEZO NA MTU

Mchezo huo unaitwa besiboli. Kila timu ina watu 9. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu. Mtu wa timu nyingine anaungojea akiwa na gongo mkononi, na akiupiga vizuri unaruka mbali. Huko mbali, kwenye majani, wanasimama watu watatu wenye kiganja kikubwa cha ngozi. Kazi yao ni kukimbia na kuudaka mpira kabla haujaanguka chini. Wanaweza kungoja saa nzima bila kazi, halafu kazi inawafikia ghafula, mbele ya macho ya watu wote. Mmoja akiuangusha, kosa lake linaonekana na kila mtu. Hakuna pa kujificha.

Katika mji wa Boston, huko Marekani, kuna uwanja wa zamani unaoitwa Fenway Park. Ulifunguliwa mwaka 1912 na bado unatumika. Upande wa kushoto una ukuta mrefu wa mita 11 hivi, na viti vya watu viko karibu sana na mchezaji. Yule anayesimama upande ule husikia kila neno: husikia makofi, husikia na matusi.

Hapo ndipo aliposimama mtu anayeitwa Ted Williams. Alianza kuchezea timu ya Boston mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 20. Kwa kupiga mpira, alikuwa na kipaji cha ajabu. Katika mchezo ule, mtu anayefaulu mara 3 katika mara 10 ni hodari. Mwaka 1941 Williams alipita mara 4 katika kila 10. Tangu mwaka ule hakuna mwingine aliyefika hapo katika ligi yake. Hata wapinzani wake walimstahi.

Lakini kudaka kulikuwa jambo jingine. Kijana huyu aliwaza gongo tu. Watu walimwona amesimama kule kwenye majani, badala ya kuangalia mchezo anapunga mikono hewani kana kwamba ameshika gongo, akijizoeza kupiga. Mpira ukija, mara nyingine alichelewa.

UBISHI WA WATU

Basi watu wa Boston wakagawanyika. Ubishi wao ulidumu miaka 20, nao unafanana na ubishi tunaousikia kila asubuhi kwenye robine ya maji.

Kundi la kwanza lilisema: “Mtu huyu ni mvivu. Tunatoa pesa yetu kumwona, yeye analala uwanjani. Wenzake wanavuja jasho, kisha anaangusha mpira na kazi yao inapotea. Kipaji si ruhusa ya kudharau kazi.” Wandugu, neno hilo si uongo. Anayelipa ana haki ya kudai kazi nzuri.

Kundi la pili lilisema: “Mwacheni. Bila gongo lake tungeshindwa mara ngapi? Yeye anaujua ukuta ule wa kushoto kama anavyoujua mkono wake. Mnatazama mpira mmoja alioangusha, hamhesabu mia aliyodaka.” Neno hilo pia si uongo.

Mnaona? Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Shida haikuwa ubishi. Watu wanaobishana bado wanazungumza. Shida ilianza pale watu fulani walipoacha kusema “umekosa hapa” wakaanza kuzomea mtu mzima, tangu anapotoka mpaka anaporudi. Magazeti ya mji ule yalikuwa mengi na yalishindana kwa wanunuzi, yakaongeza kuni kwenye moto. Mpaka habari za wazazi wake ziliandikwa, kwamba wakati wa baridi hakwenda kuwasalimu. Hapo ubishi haukuwa tena juu ya mpira.

Mwaka 1940, katika mwaka wake wa pili, Williams alijifunga kwa kiapo. Huko Marekani mchezaji akipigiwa makofi huinua kofia kidogo kuwasalimu watu. Ni kama sisi tunavyoshika mkono. Yeye akasema: sitainua kofia tena kwa watu hawa. Na hakuinua.

SIKU YA MATE

Sasa nawapeleka tarehe 7 Agosti 1956. Uwanja ulijaa, watu zaidi ya 36,000. Hakuna timu iliyokuwa imepata kitu. Mpira ukaruka upande wa kushoto, Williams akaufikia, ukamponyoka. Watu wakamzomea kwa nguvu. Muda mfupi baadaye mpira mwingine ukaja upande wake, mgumu kuliko ule wa kwanza, akaudaka vizuri sana. Na watu wale wale, kwa midomo ile ile, wakampigia makofi.

Kilichomchoma ni nini? Ni makofi yale. Aliona kwamba watu hawa wanamzomea na kumsifu ndani ya dakika chache, kana kwamba yeye si mtu ila ni ngoma. Alipokuwa anarudi, akatema mate kuelekea watu. Timu yake ikamtoza faini ya dola 5,000, pesa nyingi sana kwa wakati ule.

Je, alikosa? Alikosa. Simtetei. Kuwatemea watu mate ni kuwavunjia heshima wote, na kati ya watu 36,000 walikuwamo watoto, na walikuwamo wengi ambao hawakuwa wamezomea. Yeye naye alifanya lile alilochukia: aliadhibu kundi zima kwa kosa la wachache.

Siku iliyofuata kila mtu aliuliza: watu watafanya nini sasa? Watu wa Boston walikuja tena, nao walimpigia makofi. Katika mchezo ule alipiga mpira ukavuka nje, na aliporudi mbio mahali pa mwisho alifunika mdomo wake kwa mkono, kana kwamba anawaambia: leo sitatema. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko na makofi. Jioni ile mzaha mdogo ulifanya kazi ambayo faini haikuweza kuifanya. Lakini kofia hakuinua.

MAMBO AMBAYO WAZOMEAJI HAWAKUYAJUA

Nataka tusimame hapa. Wale waliomzomea walijua nini juu yake?

Alikwenda jeshini katika vita viwili. Mwaka 1952 aliitwa mara ya pili, akapelekwa Korea kuendesha ndege za vita. Mwaka 1953 ndege yake ilipigwa, akaishusha kwa tumbo ikiwaka moto, akatoka mbio akapona.

Tena, alikuwa na desturi ya kwenda kuwatazama watoto wagonjwa wa kansa katika mji ule wa Boston. Alikaa kwenye vitanda vyao, na aliomba waandishi wa magazeti wasiambiwe. Huenda kati ya wale waliomzomea alikuwapo baba ambaye mtoto wa jirani yake alifarijiwa na mtu huyo huyo.

Wala hakuwa mtu wa kujiwazia peke yake. Mwaka 1966, siku alipopewa heshima kubwa kuliko zote katika mchezo wake, alisimama akaomba kwamba wachezaji weusi wa zamani, waliofungiwa mlango kwa sababu ya rangi, nao wapewe heshima ile. Alitaja majina: Satchel Paige na Josh Gibson. Wakati ule hakuna aliyemlazimisha kusema. Paige aliingizwa mwaka 1971, Gibson mwaka 1972.

Sisi pia tunao wa kwetu. Mwaka 1974 timu yetu ya Leopards ilikwenda kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Katika mchezo na Brazil, Mwepu Ilunga, mtoto wa Lubumbashi, alitoka mbio akapiga mpira ambao Wabrazil walikuwa wanajitayarisha kuupiga wao. Dunia nzima ilicheka. Kwa miaka mingi walirudia picha ile wakisema: tazama Mwafrika asiyejua sheria ya mpira. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira juu ya pesa ambayo wachezaji hawakupewa, na alitaka atolewe uwanjani. Wangapi walicheka? Wangapi waliuliza?

KOSA LANGU MWENYEWE

Wandugu, mimi nilisoma sheria katika chuo kikuu. Huwa ninafundisha haki za watu. Basi sikilizeni nilichofanya.

Siku moja nilikuwa mahali ambapo unga ulikuwa unagawanywa. Mama mmoja, mtu mzima, alifika mbele na jeto mbili mkononi. Kijana mmoja akaona, akapaza sauti: “Mwizi! Ana jeto mbili!” Mstari mzima ukaanza kuzomea. Mimi nilikuwa pembeni na kalamu yangu na karatasi zangu. Nilifanya nini? Nikasema, “Huyu atoke kwenye mstari.” Nikacheka na wengine. Mama akaweka jeto zote mbili juu ya meza akaondoka bila unga.

Siku chache baadaye nilipata habari kamili. Jeto ya pili ilikuwa ya bibi mmoja, jirani yake, ambaye miguu yake haiwezi tena kutembea. Bibi yule alikaa bila posho yake mpaka ugawanyaji uliofuata. Aliishi kwa kuombaomba kwenye mahema ya wengine.

Nilikwenda kwa mama yule jioni, nyuma ya hema lake, nikaomba msamaha. Alinipa mkono. Kisha akaniambia: “Wewe ulisomea kuuliza, mwanangu. Siku ile hukuuliza.” Tangu siku ile hakurudi mwenyewe kwenye mstari. Alimtuma mtoto.

Nimefikiri sana juu ya jambo lile. Nilimwaibisha mchana, mbele ya mstari mzima. Nikamwomba msamaha usiku, nyuma ya hema. Hesabu hiyo haitoki sawasawa. Basi leo nasema mbele yenu wote, kwa sauti ile ile niliyotumia kumfukuza: mama yule hakuiba. Mimi nilikosa.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inatupa haki ya kusema mawazo yetu, kwa kuheshimu sheria, utulivu wa watu na adabu njema. Kwa hiyo mdeplase akiona unga unapungua, ana haki ya kuuliza, na hata ya kulalamika kwa sauti. Shefu asimfunge mdomo. Mwenyeji akiona shamba lake limevunwa usiku, ana haki ya kusema. Asiambiwe kwamba anachukia wageni.

Lakini kifungu cha 17 kinasema mambo mawili tunayopashwa kuyashika vema. La kwanza: daraka la kosa ni la mtu mmoja mmoja, hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Maana yake, kijana mmoja wa mahema akiiba mihogo, mwizi ni yeye. Baba yake si mwizi, kabila lake si wezi, na kambi nzima si ya wezi. Vilevile mwenyeji mmoja akimpiga mdeplase, avenyu nzima haikupiga. La pili: mtu aliyeshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Hukumu hiyo inatolewa na tribinali, si na mstari wa unga.

Mtasema tribinali iko mbali na magari hayapiti. Najua. Ndiyo sababu hapa kwetu, siku nyingine, kuzomea hakuishii mdomoni. Neno “mwizi” au “mchawi” linatoka kwa mtu mmoja, linapokelewa na kumi, na kabla jua halijashuka kuna jiwe mkononi, au petroli. Boston walizomea wakarudi nyumbani kulala. Sisi tumeona watu ambao hawakurudi. Kwa hiyo tunapashwa kuogopa kuzomea mapema, kungali maneno tu.

KWA WASHEFU NA WAKUBWA WA KAMATI

Shefu wangu, wewe ndiye unayesimama pale kwenye majani, karibu na viti. Utaangusha mpira siku moja, nao wataona. Wenzake Williams walisimulia kwamba kati ya maelfu wanaopiga makofi, sikio lake lilisikia mmoja anayetukana. Sikio la mkubwa liko hivyo. Linda sikio lako. Usiadhibu hema zima kwa neno la mlevi mmoja. Ukikosa hesabu, iandike upya na uisome mbele ya watu. Orodha ya jeto ibandikwe mahali ambapo hata mpinzani wako anaweza kuisoma. Mahali penye orodha wazi, minong’ono hupata njaa.

Na mtu akizomewa mbele yako, usingoje. Simama kati. Uliza maswali matatu kwa sauti ili wote wasikie: Nani aliona kwa macho yake? Aliona nini hasa? Na mwenyewe anasema nini? Maswali hayo matatu huchukua dakika 5. Kifo huchukua muda mfupi kuliko huo, lakini hakirudishwi.

KWA FAMILIA ZA WADEPLASE NA ZA WENYEJI

Mama, baba, najua kidonda chako. Umepoteza nyumba, mbuzi, na labda mtoto. Kisha unafika mahali na mtu mmoja kwenye robine anakuita jina baya. Jioni unasahau mama aliyekupa sufuria, unamkumbuka yule wa robine peke yake. Nakuomba jambo moja: usiku, kabla ya kulala, wahesabie watoto wote wawili. Waambie, leo mmoja alitutukana, na mmoja alitupa sufuria. Mtoto anayesikia hesabu nusu atakua na hasira nzima.

Na wewe mwenyeji, unapomwona mgeni amekaa tu mchana, usiseme upesi kwamba ni mvivu. Labda amelima maisha yake yote, na leo hana hata mahali pa kuchomeka jembe.

KOFIA

Namalizia habari yangu. Tarehe 28 Septemba 1960 Williams alicheza mara ya mwisho mbele ya watu wa Boston, akiwa na miaka 42. Mara yake ya mwisho kushika gongo, aliupiga mpira ukavuka nje. Watu walisimama, walipiga makofi, walimwita atoke. Hakutoka, hakuinua kofia. Ilionekana kwamba mambo yameisha hivyo.

Miaka 31 ikapita. Mwaka 1991, tarehe 12 Mei, alialikwa uwanjani ili aheshimiwe. Alikuwa mzee wa miaka 72. Alizungumza na watu, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kofia ya timu, akaivaa. Akasema kwamba asiandike tena mtu yeyote kuwa alikuwa mwenye shingo ngumu. Akaiinua kofia ile kwa watu wote. Alifanya hivyo katika uwanja ule ule, karibu na ukuta ule ule, mahali alipozomewa na mahali alipotema mate. Hakutuma barua.

Tangu kiapo mpaka kofia ilikuwa miaka 51. Wengi waliomzomea walikuwa wamekwisha kufa, hawakuiona. Wandugu, sisi hatuna miaka 51. Watoto wetu wanachota maji kwenye robine moja kesho asubuhi.

Basi nani aanze? Aanze yule aliyesikia maneno haya. Kama ulimzomea mtu mbele ya watu, rudi mbele ya watu. Kama ulitema mate, futa pale pale ulipotema.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Hapa kwetu, ni nani anazomewa sana kuliko wengine? Tumewahi kumuuliza yeye mwenyewe?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumwambia mkubwa “umekosa” na kumzomea?
3. Mstari wa unga ukianza kupiga kelele, nani kati yetu atasimama kuuliza yale maswali matatu? Mtaje kwa jina leo, kabla ya siku yenyewe kufika.
4. Kuna mtu tuliyemwaibisha wazi na kumwomba msamaha kwa siri, au hatukumwomba kabisa? Tutafanya nini juma hili?